Ritani Moja Iliyochelewa, Ruzuku Tatu Zilizopotea

Alhamisi ya 26 Machi 2020, siku tatu baada ya Waingereza kuamriwa wabaki majumbani kwa sababu ya janga la korona, waziri wa fedha wa wakati huo, Rishi Sunak, alitangaza habari ambayo mamilioni ya watu walikuwa wakiisubiri kwa hofu. Waajiriwa walikuwa wameshahakikishiwa sehemu kubwa ya mishahara yao wiki iliyotangulia. Sasa ilikuwa zamu ya fundi bomba, msusi, dereva wa teksi na mwalimu wa muziki anayefundisha nyumba kwa nyumba. Serikali ingewapa waliojiajiri asilimia 80 ya wastani wa faida yao ya mwezi, kwa miezi mitatu, mradi jumla isizidi pauni 7,500. Ruzuku hiyo haikuwa mkopo, ingawa ingekatwa kodi kama mapato mengine.

Masharti yalikuwa kadhaa. Faida ya mwaka isizidi pauni 50,000. Angalau nusu ya kipato cha mtu iwe imetokana na kujiajiri. Lakini sharti lililowakata wengine kabisa lilikuwa la karatasi: mwombaji awe ameshawasilisha ritani ya kodi ya mwaka 2018/19. Siku ya mwisho ya ritani hiyo ilikuwa 31 Januari 2020, yaani ilikwishapita. Kwa hiyo waliochelewa walipewa wiki nne, hadi 23 Aprili. Atakayewasilisha ndani ya muda huo angefikiriwa pamoja na wenzake. Atakayevuka hata kwa siku moja alikuwa nje.

Hadi siku ile, kila mtu aliijua bei ya kuchelewa. Ilikuwa faini ya pauni 100 papo hapo. Miezi mitatu ikipita, ziliongezeka pauni 10 kila siku hadi siku 90. Ikifika miezi sita ilikuja pauni 300 nyingine, au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa ikiwa ndiyo kubwa zaidi, na mwaka ukitimia ilikuja tena. Iliuma, lakini mtu mwenye stakabadhi zilizotapakaa na mhasibu asiyepokea simu aliweza kupiga hesabu na kuamua kuivumilia. Hakuna aliyemwambia kwamba ritani ile ile siku moja ndiyo ingeamua kama watoto wake watakula.

Chukua mfano wa dereva aliyekuwa akipata faida ya pauni 18,000 kwa mwaka. Wastani wake ni pauni 1,500 kwa mwezi, na asilimia 80 yake ni pauni 1,200. Kwa miezi mitatu, ruzuku ya kwanza ingekuwa pauni 3,600. Ruzuku ya pili, iliyotolewa baadaye, ilishuka hadi asilimia 70, kwa hiyo angepata pauni 3,150. Ya tatu, iliyoanza kulipwa mwishoni mwa 2020, ilirudi kwenye asilimia 80: pauni 3,600 nyingine. Ruzuku zote tatu zilipimwa kwa ritani ile ile na tarehe ile ile ya 23 Aprili. Dereva huyo kama angechelewa, angepoteza pauni 10,350. Kwa mwenye kipato cha juu zaidi ndani ya kikomo, ruzuku hizo tatu zilifika pauni 21,570.

Serikali ilikuwa na sababu yake, na ni haki kuitaja. Taarifa za mshahara wa mwajiriwa huifikia HMRC, mamlaka ya mapato ya Uingereza, kila siku ya malipo. Taarifa za aliyejiajiri huifikia mara moja kwa mwaka, tena baada ya miezi mingi. Machi 2020, rekodi kamili ambayo HMRC ilikuwa nayo iliishia 5 Aprili 2019. Kama mlango ungeachwa wazi, matapeli wangejaza ritani za biashara ambazo hazikuwahi kuwepo. Ndiyo maana hata marekebisho ya ritani yaliyofanywa baada ya jioni ya 26 Machi hayakuhesabiwa katika kupima ruzuku.

Sababu hiyo inaeleweka. Lakini haielezi kwa nini wiki nne zionekane kuwa zinatosha wakati nchi nzima imefungwa.

Asiyewahi kujisajili alipaswa kwanza kupata namba ya mlipakodi yenye tarakimu kumi, na namba hiyo huja kwa barua. Akifungua akaunti ya mtandaoni, hulazimika kusubiri msimbo wa kuiwasha, nao kwa kawaida huja kwa posta. Maktaba ambazo wengi hutegemea kompyuta zake zilikuwa zimefungwa, na ofisi za wahasibu pia. Miongoni mwa madereva na wasusi wa miji ya Uingereza wamo Watanzania, Wakenya, Wakongo na watu wa Barawa ya Somalia, na kwa mtu ambaye Kiingereza cha fomu za kodi kinamtatiza, jamaa anayemsaidia kujaza ndiye ofisi yake. Jamaa huyo hakuruhusiwa kuingia nyumbani mwake.

Maombi yalipofunguliwa 13 Mei, kila mtu alitakiwa aombe mwenyewe. Hata mhasibu aliyemjazia ritani mteja wake kwa miaka mingi hakuruhusiwa kumwombea. Waliokosa walielekezwa kwenye Universal Credit, msaada wa kawaida wa serikali, lakini aliyejiwekea akiba ya zaidi ya pauni 16,000 alikataliwa huko nako.

Faini ya kuchelewa hufutwa mtu akithibitisha sababu ya msingi, kama maradhi mazito au msiba. Tarehe ya 23 Aprili haikuwa na nafasi ya namna hiyo kwa watu wote. Baadaye ililegezwa kwa wazazi ambao hawakuwasilisha ritani ya 2018/19 kwa sababu ya kupata mtoto. Mgonjwa aliyekuwa amelazwa wodini hakuwekewa utaratibu kama huo, na hapo ndipo mpango huu, uliookoa familia nyingi mno, ulipokosa huruma.

Mlango ulifunguka tena 3 Machi 2021. Katika bajeti ya siku hiyo Sunak alisema ruzuku ya nne na ya tano zitapimwa kwa kutumia pia ritani ya 2019/20, na kwamba watu wapatao 600,000 zaidi, wengi wao waliojiajiri karibuni, wangeweza kuingia. Sharti: ritani iwe imewasilishwa kabla ya saa sita usiku wa 2 Machi, usiku wa kuamkia bajeti yenyewe. Safari hii HMRC ilikuwa imeahidi kutowatoza faini watakaowasilisha mtandaoni hadi 28 Februari, na waliojihimiza wakakuta wamejiokoa bila kujua. Aliyekosa mwaka wa kwanza aliweza kuingia sasa, lakini ruzuku tatu zilizopita hakulipwa. Mpango ulipofungwa 30 Septemba 2021, watu wapatao milioni 2.9 walikuwa wamepokea takribani pauni bilioni 28.

Kuanzia 6 Aprili 2026, mtu mwenye mapato ghafi ya zaidi ya pauni 50,000 kutokana na kujiajiri na kupangisha nyumba anatakiwa kutunza hesabu kidijitali na kuipelekea HMRC muhtasari kila miezi mitatu. Kikomo kinashuka hadi pauni 30,000 mwaka 2027 na pauni 20,000 mwaka 2028. Janga lingine likitokea, serikali itaweza kuona hali ya watu hao ya miezi michache tu iliyopita. Wale wa chini ya pauni 20,000, wenye mapato madogo kuliko wote, watabaki na ritani yao ya mara moja kwa mwaka, na siku yao ya mwisho ni ile ile ya 31 Januari.