Mahindi Yanapopiga Tao

Msomaji wa Kibaigwa, mji unaoishi kwa mahindi, anauliza: "Kihenge kimejaa pomoni, mlango wa chini uko wazi, na mahindi hayatoki. Uzito wote ule wa juu unafanya kazi gani?"

Swali hilo ndilo huwakutanisha wahandisi kwenye semina za mizigo ya kichele, yaani vitu visivyofungashwa: nafaka, saruji, mbolea. Habari za mikanda na mota za kuisogeza mizigo hiyo tuwaachie wao. Mimi nautaka huo uzito.

Maji ya simtanki hukandamiza sakafu kadiri kina kinavyoongezeka. Mahindi hayana tabia hiyo. Mwaka 1895 mhandisi Mjerumani, H. A. Janssen, alionyesha kwamba ndani ya kihenge shinikizo la chini hupanda, kisha hugota. Mahindi yakifika kimo cha kama mara tatu ya upana wa kihenge, ukiongeza mengine juu sakafu karibu haina habari nayo. Uzito umekwenda wapi?

Panda daladala jioni. Umebanwa hata ukiinua miguu yote miwili huanguki. Aliyekubeba ni bega la jirani, naye kaegemea mwenzake, hadi yule wa mwisho aliyebandikwa kwenye bodi. Uzito wako umepita mshazari, bega kwa bega, mpaka ubavuni mwa gari, na msuguano ukaushika hapohapo. Punje ndio hao abiria. Ndiyo maana bati la kihenge laweza kukunjamana sakafu ikiwa salama.

Sasa kituo kimefika. Wawili wanauwania mlango kwa pamoja, mabega yanakutana, wa nyuma wanasukuma. Hatoki mtu; wakizidi kusukuma, wanazidi kukazana. Konda hugonga bodi kumwashiria dereva; mtunza kihenge naye hugonga bati kwa nyundo, kuwatikisa abiria wake.

Mahindi yakikazana hivyo mlangoni, watu husema "yameganda". Hapana, kuganda ni kwa samli. Kuyaita "daraja" nako nimekukataa, kwani hapa havuki mtu. Naliteua tao, kama lile la mawe juu ya mlango wa nyumba kongwe za Pwani: kila jiwe limemzuia jirani asianguke. Na kwa kuwa mwendo wa maringo tunauita mwendo wa matao, mahindi yanayokataa kushuka yamelistahili jina mara mbili.

Andrew Jenike wa Chuo Kikuu cha Utah, katika taarifa yake ya 1964, alionyesha jinsi ya kukokotoa upana wa mlango ambao tao haliwezi kuuziba. Ila si kila kihenge kiko hivi: katika vihenge vipana mno kuta hubeba sehemu ndogo tu ya uzito, na mahindi makavu, yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, hugoma kwa nadra.

Basi, ndugu wa Kibaigwa, uzito wako uko ukutani, na unaobaki juu ya mlango ndio unaolikaza tao. Gonga bati ukiwa nje. Usiingie kusukuma kwa miguu: tao likivunjika halipigi hodi.