Mali Bila Daftari

Mali bila daftari, walinena wahenga, hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huambiwa mfanyabiashara. Leo twaielekeza kwa washairi, kwa wenye matbaa, na kwa wakuu wa serikali waliokabidhiwa dhamana ya kumbukumbu za umma.

Katika kisiwa cha Ayalandi, mwaka 1951, Liam Miller na mkewe Josephine walianzisha mjini Dublin matbaa ndogo ya mashairi iliyoitwa Dolmen Press. Hawakuwa na kampuni kubwa ya kuwaegemeza. Vitabu vya mwanzo vilichapwa kwa mtambo wa mkono, herufi zikipangwa moja baada ya moja, na mshairi kijana Thomas Kinsella alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuzipanga. Mwaka 1969 matbaa hiyo ilitoa The Táin, tafsiri ya Kinsella ya kisa cha kale cha mashujaa wa kisiwa hicho, iliyopambwa kwa michoro ya Louis le Brocquy. Washairi waliozoea kutegemea wachapaji wa London walipata mlango nyumbani kwao.

Miller alifariki mwaka 1987, na kazi ya matbaa ikakoma. Vitabu vilibaki kwa wasomaji. Je, makaratasi? Mara nyingi matbaa ndogo ifungwapo, barua, miswada, prufu na daftari za hesabu huishia jaani au kwa wafunga karanga. Ya Dolmen yalinusurika: yamo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Wake Forest, Carolina ya Kaskazini, Marekani. Waliyoyahifadhi wastahili shukrani. Lakini mwanafunzi wa Dublin atakaye kuyashika mwenyewe hana budi kuvuka Atlantiki.

Huenda msomaji akauliza: vitabu vipo, makaratasi ya nini? Kitabu hutuonyesha shairi lililokwisha timia. Mswada hutuonyesha ubeti ulioachwa. Barua, sababu ya kuachwa kwake. Ankara, bei ya karatasi. Na daftari la mauzo, nani alilipwa na nani alisubiri. Hiyo ndiyo historia ya kazi yenyewe, na haimo ndani ya kitabu.

Sisi watu wa pwani haya si mageni kwetu. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yalikusanywa na Mwingereza W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, na hati hizo zikahifadhiwa London. Kwa kuwa zilihifadhiwa, William Hichens aliweza kutoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, yapata miaka mia baada ya mshairi kufariki. Tumshukuru aliyetunza, lakini tujiulize pia kwa nini tuendelee kutunziwa.

Nyumba ya nyaraka tunayo, pale Kilimani, Unguja. Wahusika wasingoje kuletewa masanduku baada ya matanga. Wawaendee wachapaji na washairi wangali hai, waorodheshe walivyonavyo, na wapatane nao kwa maandishi juu ya urithi huo. Nao wenye makaratasi wasichome kitu kabla ya kuuliza.

Mchwa na unyevu havingoji kikao cha bajeti. Daftari la mshairi ni mali ya taifa, nalo litunzwe lingali linasomeka.