Povu la Cannes na povu la Dakar

Ukimtajia mtu wa mjini jengo la kihistoria, haraka atafikiria ngome, msikiti wa kale au boma la Wajerumani. Hatafikiria nyumba inayofanana na mapovu ya sabuni yaliyoshikana ubavuni mwa kilima. Lakini ipo, ndugu msikilizaji, huko Théoule-sur-Mer, karibu na Cannes, kusini mwa Ufaransa.

Jumba hilo, Palais Bulles, lilibuniwa na Antti Lovag, mzaliwa wa Hungaria, na kujengwa kati ya 1975 na 1989. Lina mita za mraba 1,200. Lovag hakutaka ukuta ulionyooka wala pembe. Alishikilia kwamba mtu akinyoosha mkono huchora duara hewani, basi nyumba nayo imfuate. Alikunja nondo, akazifunga wavu wa chuma, kisha zege ikapakwa juu yake. Bibi zetu wa nyumba za msonge wangemwelewa upesi.

Lilijengwa kwa ajili ya mwenye viwanda mmoja, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 likanunuliwa na mwanamitindo Pierre Cardin kuwa nyumba ya mapumziko. Kabla muongo huo haujaisha, serikali ya Ufaransa ililitambua kuwa urithi wa taifa. Halikuwa limetimiza hata miaka 12! Kwa hiyo umri si hoja pekee. Huulizwa pia kama kitu hicho kikipotea kitapatikana tena. Jengo likiorodheshwa rasmi kule, mwenyewe halibomoi wala halibadilishi bila kibali, naye huweza kupewa ruzuku ya matengenezo.

Afrika nayo ina mapovu yake, ingawa ni ya ukoo mwingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Dakar ilikuwa na uhaba mkubwa wa nyumba. Ikachukuliwa mbinu ya Wallace Neff, msanifu wa California: puto kubwa linajazwa upepo juu ya sakafu, linafunikwa wavu, linapuliziwa zege, ikikauka, puto linatolewa upepo na kuvutwa nje kupitia mlangoni. Zaidi ya nyumba elfu moja zilijengwa hivyo. Hazikuwa kasri. Zilikuwa nyumba za kuishi watu, na kabati la kawaida halikai vizuri kwenye ukuta wa mviringo.

Nyingi zimebomolewa, na siwalaumu wenyewe. Cardin, aliyefariki 2020, alikwenda kwenye mapovu yake kupumzika. Mwenzake wa Dakar ana kiwanja kimoja kilichopanda bei, na watoto wake wameoa. Juu ya povu huwezi kupandisha ghorofa. Atakayemkataza kubomoa aje na ruzuku mkononi, kama wafanyavyo Wafaransa kwao.

Yaliyosalia yamebanwa kati ya maghorofa, mengine yameongezewa vyumba vya pembe nne ubavuni.