Chombo cha Maji ya Radiatere: Tukifunge Wapi Katika Motoka ya Zamani?



Wengi wenu mnajua kama wakati wa likizo ninashinda katika garaji ya baba mudogo. Ninaporudi masomoni, marafiki wananiletea maulizo mengi juu ya motoka. Ulizo moja limerudi mara tatu: "Motoka yetu ya zamani haina kile chombo cha maji pembeni ya radiatere. Tunataka kukiongeza. Tukifunge wapi?" Wengine wanajibu bila kufikiri: "Pahali popote penye nafasi!" Hapana, si popote. Mimi niliona mtu akiungua mkono kwa sababu ya chombo kilichofungwa pahali pabaya. Ndiyo maana ninaandika.

Siku ile tulikuwa tunatoka Uvira katika Land Rover moja ya zamani. Mnajua barabara ile: ukipita Kamanyola, unaacha uwanda wa Ruzizi na kuanza kupanda milima ya Ngomo kuelekea Nyangezi. Ni kona juu ya kona. Motoka ilikuwa inapanda polepole na mzigo, upepo mbele kidogo tu. Katikati ya mlima sindano ya joto ikaingia katika nyekundu. Tukasimama. Konvoyeri akafungua kapo, akaangalia chombo, akasema: "Maji iko, chombo kimejaa!" Basi, akaenda kufungua kifuniko cha radiatere ili atazame vizuri. Mvuke ukatoka kwa nguvu na maji ya moto pamoja. Mkono wake uliungua mpaka kiwiko.

Sasa tujiulize: juu ya nini chombo kilikuwa kimejaa, na motere ilikuwa inakufa kwa kukosa maji?

Kwanza tuelewe chombo hiki kinafanya kazi gani. Maji ikipata moto inapanuka. Kutoka nyuzi 20 mpaka nyuzi 90, inaongezeka karibu sehemu 3 na nusu kwa mia. Kama motoka yako inabeba litre 12, maji inayozidi ni karibu desilita 4, sawa glasi mbili. Hiyo maji inataka pahali pa kwenda. Katika motoka nyingi za miaka ya 1950 na 1960 ilimwagika tu chini kwa njia ya tiyo ndogo, na shofere alipaswa kuongeza maji kila mara. Chombo kinapokea ile maji isipotee. (Wenye Coccinelle wapumzike: motere yao inapozwa na upepo, haina radiatere ya maji.)

Pili, tukumbuke somo la fizika. Kando ya bahari maji inachemka kwa nyuzi 100. Lakini sisi tunakaa juu. Uvira, karibu metre 770, maji inachemka kwa nyuzi 97 hivi. Hapa Bukavu, Ziwa Kivu liko karibu metre 1.460, inachemka kwa nyuzi 95. Ukipanda mpaka metre 2.000, ni nyuzi 93 tu. Mama zetu wanajua jambo hili bila kusoma fizika: maharagi inakawia kuiva mlimani, hata moto ukiwa mwingi. Sasa motere inatumika karibu na nyuzi 85 au 90. Mnaona kama nafasi inayobaki ni ndogo sana.

Ndiyo maana kifuniko cha radiatere si kifuniko cha kawaida. Ndani yake kuna springi inayozuia mvuke, sawa sufuria iliyofungwa kabisa. Kama springi ni ya bari 0,9, maji ya Bukavu haichemki mpaka ipite nyuzi 115. Lakini mtu akifungua, presio inaanguka mara moja, na maji iliyokuwa imetulia inageuka mvuke katika dakika ileile. Hicho ndicho kilichomkuta konvoyeri wetu.

Tatu, tujue kama kuna vyombo vya namna mbili, na kila kimoja kina pahali pake. Watu wengi wanavichanganya.

Chombo cha namna ya kwanza ni cha kupokea tu. Hakina presio. Kifuniko chenye springi kinabaki juu ya radiatere, na tiyo ndogo inatoka kwenye shingo ya radiatere mpaka chombo. Motere ikipata moto, maji inasukumwa kuingia ndani ya chombo. Motere ikipoa, radiatere inaivuta tena. Chombo hiki kinaweza kukaa pembeni ya radiatere, sawasawa na kichwa chake au chini kidogo, maana maji inarudi kwa kuvutwa. Usikipeleke mbali, wala chini kabisa karibu na gurudumu. Angalia mambo mawili. Tiyo ifike mpaka chini ya chombo na izame ndani ya maji. Ikiwa juu, radiatere itavuta hewa. Tena kifuniko cha radiatere kiwe na mipira miwili, mmoja chini na mmoja juu, pamoja na kale kavalvu kadogo ka katikati kanakoruhusu maji kurudi. Vifuniko vingi vya zamani vina mpira mmoja tu. Ukifunga chombo bila kubadili kifuniko, maji itaenda na haitarudi.

Chombo cha namna ya pili kinabeba presio. Kifuniko chenye springi kinakuwa juu ya chombo chenyewe, na chombo ni sehemu ya mzunguko wa maji. Hiki lazima kikae juu kuliko kila kitu: juu kuliko radiatere, juu kuliko kulasi, ni kusema kile kichwa cha motere. Juu ya nini? Kwa sababu hewa inapanda siku zote. Ikikuta chombo juu, inaingia humo na kutulia. Ikikuta chombo chini, inabaki imefungwa ndani ya radiatere na ndani ya kulasi, na pahali penye hewa hapapozwi. Maji nayo inashuka kujaza chombo. Basi, ukitazama chombo unaona kimejaa, nawe unafurahi, na huku kulasi inaungua.

Hiyo ndiyo ilikuwa hali ya Land Rover yetu. Fundi fulani alichukua chombo cha presio cha motoka ingine, akakifunga chini pembeni ya gurudumu kwa kuwa pale palikuwa na nafasi. Chombo kilikuwa kinadanganya.

Kwa chombo hiki cha pili, tiyo ndogo za kutoa hewa zinatoka juu ya radiatere na juu ya motere, zinaingia sehemu ya juu ya chombo. Tiyo kubwa inatoka chini ya chombo na kurudisha maji upande ambao pompe inavuta. Shingo ya zamani ya radiatere inafungwa kabisa na kifuniko kisicho na springi. Nafasi nzuri mara nyingi ni kwenye ukuta wa chuma nyuma ya motere, mbele ya shofere. Lakini pima kwanza: weka ubao ulionyooka na chupa yenye maji kidogo, uone kama chombo kinapita kweli radiatere kwa urefu. Fanya hivi motoka ikiwa pahali sawa, si kwenye mteremko. Tena ufunge kapo polepole kabla ya kutoboa tundu lolote, usije ukaona baadaye kwamba kapo inagusa chombo.

Kwa vyombo vyote viwili, baba mudogo anatufundisha hivi:

1. Kaa mbali na bomba la moshi. Plastiki inalegea, na dawa ya radiatere ikimwagika juu ya chuma cha moto inaweza kuwaka.
2. Kaa mbali na vantilateri, na usifunge chombo juu ya batri.
3. Kifungwe kwa kipande cha chuma na buloni mbili, si kwa kamba. Barabara zetu zinatikisa kila kitu.
4. Kiwe pahali unapoweza kuona maji bila kufungua kifuniko. Kikiwa baridi kisijazwe mpaka juu. Acha nafasi ya kupanuka.
5. Kwa motoka ya litre 12, chombo cha litre moja na nusu kinatosha.
6. Usigeuze bidoni au chupa yoyote kuwa chombo cha presio. Itapasuka.
7. Usiweke kifuniko chenye springi kali kuliko kile cha kiwanda. Radiatere ya zamani imeunganishwa kwa risasi; itafunguka.
8. Ukiweza, tumia maji safi ya mvua. Maji ya Ziwa Kivu ina madini nyingi, inaacha ukoko ndani. Na dawa ya radiatere ina utamu lakini ni sumu. Usiache watoto wala mbwa waiguse.

Sasa neno la mwisho, na hili ni kwa wote, hata wale wasiopenda ufundi. Motoka ikichemka njiani, usifungue kifuniko. Zima motere, fungua kapo, weka jiwe nyuma ya gurudumu, ngojea nusu saa au zaidi, mpaka uweze kushika tiyo kubwa ya juu kwa mkono bila kuungua. Kisha weka kitambaa kinene, geuka uso pembeni, fungua polepole mpaka hatua ya kwanza, acha pumzi itoke yote. Maji ya baridi usiimwage katika motere ya moto, kwa maana kulasi inaweza kupasuka. Abiria watalalamika: "Tunachelewa!" Waache walalamike. Yule konvoyeri naye alikuwa na haraka.

Nilimwuliza baba mudogo: "Baba mudogo, sasa ile Land Rover uliitengeneza namna gani?" Akajibu: "Mutoto, sikuongeza kitu hata kimoja. Nilitoa tu chombo chini, nikakiweka juu, nikabadili tiyo." Kazi ya saa tatu hivi. Mkono wa konvoyeri umepona, lakini alama iko mpaka leo.

Mwenye ulizo lingine anikute kwenye kiwanja baada ya masomo.