Vibali vya Boti za Uvuvi na Wajibu wa Askari wa Doria

Katika maji ya Ziwa Kivu, mbele ya mji wa Kamembe, taa za usiku ni nyingi. Zilizo nyingi ni za wavuvi wa sambaza, ambao hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, hushusha wavu chini ya mwanga na kuuinua kabla ya mapambazuko. Nyingine huwa za boti za kukodishwa, zinazowachukua wageni kwenda kuitazama kazi hiyo, au kutupa mishipi yao wenyewe kwa ajili ya burudani. Na huenda ikawapo taa moja ambayo nia yake si njema: ya mtu wa magendo, au ya mtu mwenye silaha. Kwa mbali taa hizo zote hufanana. Kinachozitenganisha ni kibali kilichotolewa kabla ya safari, na taarifa iliyoachwa mwaloni wakati chombo kinaondoka.

Kwa sababu hiyo, suala la vibali vya wenye boti za kukodisha, ambalo kwa desturi huonekana kuwa la maofisa wa samaki na watoza ushuru, linamhusu askari na polisi moja kwa moja. Askari asiyejua kibali kinasema nini hana njia ya kujua anayemsimamisha ni nani. Hubaki na mambo mawili tu: kumwachia kila mtu apite, au kumshuku kila mtu. Yote mawili ni hatari kwa nchi.

Kamembe ni mji wa biashara wa Wilaya ya Rusizi, katika sehemu iliyojulikana kama Mkoa wa Cyangugu mpaka mageuzi ya utawala ya mwaka 2006. Ng'ambo yake uko mji wa Bukavu, na katikati ya miji hiyo miwili Mto Rusizi hutoka ziwani kwenda Tanganyika. Mpaka wa Rwanda na Kongo hupita majini, wala haukuchorwa mstari juu ya mawimbi. Mwezi Februari 2025 kundi la M23 liliingia Bukavu. Katika mahali kama hapo, chombo kinachopotea njia kwa mwendo wa dakika chache huweza kugeuka kutoka jambo la uvuvi kuwa jambo la usalama.

Mfano wa hatari hiyo uko karibu. Mwezi Julai 1918 ulikuwa mbali. Mwezi Julai 2018 ni jana. Katika mwezi huo, askari wa majini wa Uganda na wa Kongo walirushiana risasi katika Ziwa Edward, na watu wakapoteza maisha. Ugomvi wa ziwa hilo ulikuwa wa miaka mingi, na chanzo chake kikubwa kilikuwa wavuvi waliodaiwa kuvuka mpaka kuvua bila ruhusa. Kosa linaloanza kwa mtumbwi na wavu linaweza kuishia kwa bunduki baina ya mataifa.

Ni vema basi kueleza kibali ni kitu gani. Kwa boti inayokodishwa kwa uvuvi, karatasi zinazohitajika hujibu maswali matatu yaliyo mbalimbali. La kwanza ni la chombo: je, boti imeandikishwa, inafaa kwa safari, na inaweza kubeba watu wangapi? La pili ni la kazi: je, mwenye boti ameruhusiwa kuvua, kwa zana gani, mahali gani na wakati gani? La tatu ni la watu: je, waliomo ndani ni akina nani, na wana haki ya kuwa pale walipo? Karatasi moja haijibu maswali yote. Kibali cha kuvua si pasi ya kuvuka mpaka, na pasi ya mgeni haimruhusu kutia ndoana majini. Askari anayeyatenganisha maswali hayo humaliza ukaguzi kwa muda mfupi; anayeyachanganya huwaudhi wasio na hatia na kuwaachia wenye hatia mwanya.

Rwanda iliweka msingi wa mambo haya katika Sheria Na. 58 ya tarehe 10 Septemba 2008, iliyohusu mpango na usimamizi wa ufugaji wa samaki na uvuvi. Pamoja na hayo kuna desturi ya kusimamisha uvuvi katika Ziwa Kivu kila mwaka, kwa kawaida kwa miezi 2 kati ya Agosti na Oktoba, ili samaki wapate nafasi ya kuzaana. Je, boti ya wageni inayokutwa na mishipi katika miezi hiyo imevunja sheria? Jibu hutoka katika maneno ya kibali chenyewe na tangazo la mwaka huo. Halitoki katika ukali wa askari, wala katika unene wa mkoba wa mgeni.

Umuhimu wa kusimamisha uvuvi unatokana na maumbile ya ziwa lenyewe. Kivu ni ziwa refu kwenda chini, na mahali penye kina kikubwa hufika mita 485. Lakini nyumba ya samaki ni nyembamba. Hewa wanayoivuta inapatikana katika tabaka la juu tu, lenye mita zipatazo 60. Chini ya hapo maji yamejaa gesi ya methani na ya kaboni, na samaki hawaishi. Sambaza wenyewe si wenyeji wa asili. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa Kivu halikuwa na samaki wa kula vijidudu vya maji yaliyo mbali na ufuko. Leo ndio kitoweo cha maelfu ya jamaa katika kingo zote mbili. Mali ya namna hiyo, iliyokusanyika katika tabaka jembamba, yaweza kumalizika upesi endapo hakuna anayeihesabu.

Hapo ndipo inapoingia taarifa, ambayo ni nusu ya pili ya wajibu wa mwenye boti. Taarifa ni za aina mbili, na kila moja ina mpokeaji wake. Ya kwanza ni taarifa ya safari, itolewayo kabla ya kung'oa nanga: jina na namba ya boti, nahodha, idadi ya abiria, sehemu wanayokwenda na saa ya kurudi. Hiyo ni ya walinzi wa ziwa na waokoaji. Ya pili ni taarifa ya mavuno, itolewayo baada ya kurudi: samaki wa aina gani, wangapi, uzito gani, waliovuliwa wapi, na wangapi waliorudishwa majini wakiwa hai. Hiyo ni ya maofisa wa uvuvi.

Faida ya taarifa ya kwanza huonekana siku ya msiba. Tarehe 3 Oktoba 2024, chombo cha abiria kilichotoka Minova kilizama karibu na Goma, katika ziwa hili hili la Kivu, kikiwa kimekaribia kutia nanga. Hesabu zilizotajwa za waliokuwamo na za waliokufa zilipishana mno: gavana wa jimbo alitaja kwanza watu 78 waliokufa, na baadaye zikatolewa idadi nyingine. Chombo hicho hakikuwa cha uvuvi, lakini funzo lake ni moja. Pasipo orodha ya kuaminika mwaloni, mwokoaji hajui atafute watu wangapi, wala aache kutafuta lini, na jamaa wa waliopotea hawajui kama waanze matanga au waendelee kungoja. Mstari mmoja wa majina katika daftari, ambao nahodha huuona kuwa usumbufu, ndio unaoamua jambo hilo.

Faida ya taarifa ya pili imeonekana zaidi katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako uvuvi wa burudani ni kazi ya siku nyingi. Huko Malindi, Watamu na Shimoni, nchini Kenya, boti za kukodishwa huwapeleka wageni bahari kuu kutafuta sulisuli na nduaro. Samaki wengi hutiwa alama yenye namba na kurudishwa majini, ili anayewavua tena aeleze alipowapata. Hivyo safari ya burudani inageuka kuwa kazi ya elimu. Kenya na Tanzania ni wanachama wa Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Ushelisheli. Azimio la Kamisheni hiyo la mwaka 2018 lilikataza kubaki na sulisuli au nduaro mwenye urefu usiofika sentimita 60, akipimwa toka ncha ya taya la chini hadi panda ya mkia. Mkaguzi asiyejua mahali pa kuanzia kupima ataadhibu aliyetii na kumsamehe aliyevunja. Kenya ilitunga sheria mpya ya uvuvi mwaka 2016, na mwaka 2018 ikaunda kikosi cha walinzi wa pwani. Sheria bila mlinzi haina meno, na mlinzi asiyeijua sheria hujui atamng'ata nani.

Hata hivyo dola nayo ina mpaka wake. Nchini Marekani, wenye boti za kukodishwa katika Ghuba ya Mexico walitakiwa tangu Januari 2021 kutangaza safari zao na kutuma hesabu ya mavuno kwa njia ya elektroniki. Mwezi Machi 2022 likaongezwa sharti la kufunga chombo cha kuonyesha mahali boti ilipo kwa saa 24, hata ikiwa haiendi kuvua. Manahodha wakaenda mahakamani. Tarehe 23 Februari 2023 Mahakama ya Rufani iliyoko New Orleans iliifuta kanuni hiyo, ikisema kwamba sheria haikutoa mamlaka ya kufuatilia boti hizo kwa namna ile, na kwamba wahusika hawakujibu ipasavyo hoja ya faragha. Pamoja na chombo cha kufuatilia, likaanguka pia sharti la hesabu ya samaki, ambalo lilikuwa na manufaa ya wazi. Aliyetaka kujua kila kitu alikosa hata kile alichokuwa nacho.

Funzo jingine limetoka Uganda. Mwaka 1917 hakuna aliyewaza jambo hilo, lakini mwaka 2017 jeshi la nchi hiyo lilikabidhiwa kazi ya kupambana na uvuvi haramu katika Ziwa Viktoria na maziwa mengine, na mitumbwi isiyofika urefu wa futi 28 ikawindwa. Serikali ilieleza kwamba samaki wameanza kuongezeka. Lakini malalamiko ya wavuvi waliopigwa na kuchomewa vyombo vyao yalifika Bungeni na kujadiliwa. Mambo hayo mawili yafaa kukumbukwa pamoja. Nguvu inaweza kumwondoa mvuvi haramu majini kwa muda. Haiwezi kumfanya mvuvi halali aje mwaloni kwa hiari kutoa taarifa. Na pasipo taarifa za hiari, hakuna kikosi chenye macho ya kutosha kulitazama ziwa zima.

Kwa hiyo wajibu wa askari wa doria una hatua zinazofuatana. Ajitambulishe kabla ya kudai mtu mwingine ajitambulishe. Asome kibali chote, pamoja na tarehe, zana na mahali palipotajwa. Ahesabu watu na kuwalinganisha na orodha, na aangalie kama kila mmoja ana jaketi la kujiokolea. Anapoona kosa la samaki, alipeleke kwa ofisa wa uvuvi likiwa na maandishi. Anapoona kosa la mpaka, alipeleke kwa wanaohusika na mpaka. Asipokee samaki wala fedha. Samaki mmoja aliyepokelewa kama zawadi hataandikwa katika daftari la mavuno, na siku hiyo askari mwenyewe amekuwa mvuvi haramu.

Mwenye boti naye ana lake la kutimiza. Kibali kikae ndani ya chombo, kisisahauliwe nyumbani. Orodha ya abiria iachwe ufukweni, kwa kuwa orodha iliyozama pamoja na boti haimsaidii mtu. Na mavuno yaandikwe siku ile ile, kabla kumbukumbu haijaanza kupunguza au kuongeza. Akifanya hivyo, ana haki ya kupita bila kusumbuliwa, na askari ana wajibu wa kuilinda haki hiyo kwa nguvu ile ile anayoitumia dhidi ya mhalifu.

Ulinzi wa ziwa hujengwa na kuaminiana kwa watu wawili wanaokutana gizani, kila mmoja akiwa hamjui mwenzake. Kibali humwezesha askari kumwamini nahodha, na nidhamu humwezesha nahodha kumwamini askari. Pale vyote viwili vinapokuwapo, taa za Kamembe zitaendelea kuwaka, na atakayezima yake ili asionekane atakuwa amejitaja mwenyewe.