Mtoto Anapopaliwa, Tusikisingizie Kimeo

Mtoto mdogo akikohoa au akipaliwa kila anyonyapo, wengi wetu hukilaumu kimeo, na wengine humpeleka mtoto akakatwe. Lakini huenda kasoro haimo kooni kamwe, bali imo chini zaidi, katika umio, yaani mrija upitishao chakula hadi tumboni.

Takriban mtoto mmoja katika kila 3,000 hadi 4,000 huzaliwa na umio usiokamilika. Kwa wengi wao sehemu ya juu huwa imeziba kama mfuko, na ile ya chini imeungana na koo la hewa. Mate na maziwa, yakikosa njia, hufurika yakaingia mapafuni. Ndiyo maana mtoto hutokwa na mate yenye povu yasiyokoma, na anyonyeshwapo mara ya kwanza hupaliwa, akakohoa, na midomo ikageuka buluu.

Hapo hapana budi kuacha kumnyonyesha. Kumpa maji au dawa ya mitishamba ni kumzamisha. Kichwa kiinuliwe, afunikwe apate joto, mate yafyonzwe, na apelekwe upesi hospitali yenye daktari wa upasuaji. Huko hupitishwa mpira mwembamba kinywani. Ukikwama, picha ya eksirei huthibitisha ugonjwa.

Zamani karibu watoto wote wa namna hii walikufa. Mwaka 1941, mjini Ann Arbor, Marekani, Daktari Cameron Haight alifaulu kwa mara ya kwanza kuziunganisha moja kwa moja ncha mbili za umio, na mtoto akapona. Tangu hapo wengi wameokolewa, hasa wale waliofikishwa mapema.

Hata hivyo, upasuaji si mwisho wa safari. Koo la hewa la watoto hawa aghalabu huwa legevu, hata kikohozi chao kikasikika kama mbweko kwa miaka kadhaa. Na palipoungwa umio huweza kubana, chakula kikanasa. Hapo ndipo majirani hukitaja kimeo. Lakini kukikata hakuliimarishi koo la hewa, wala hakuupanui umio. Huweza kuleta kutoka damu kwingi na usaha. Mtoto arudishwe kwa madaktari waliomtibu.

Wakunga, akina bibi na wazazi, tuwe macho tangu unyonyeshaji wa kwanza. Povu lile ni wito wa msaada, nasi tuuitikie kabla ya kukimbilia wembe.