Ugonjwa ukifunga njia, hasara inamwangukia nani?



Swali moja linarudi kila mara tukikutana na koperative za kandokando ya Lubumbashi: wakati wa korona, namna gani mkulima wa njia ya Kasenga alipoteza mboga zake, na wakati uleule shaba ya Katanga iliendelea kutoka na kuuzwa? Ugonjwa ulikuwa mmoja, lakini haukugusa mifuko yote sawasawa. Tunaeleza hapa kwa nini, maana ugonjwa mwingine unaweza kuja, na koperative iliyojitayarisha haitaumia kama mkulima aliye peke yake.

Mambo yaliyotokea

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 23 Machi, gavana wa Haut-Katanga alifunga Lubumbashi kwa siku mbili. Tarehe 24, Rais Félix Tshisekedi akatangaza hali ya dharura katika nchi nzima, nayo ikaendelea hadi Julai. Shule, makanisa, baa na restora zikafunga milango.

Ninyi munajua Machi ni wakati gani shambani. Mahindi mabichi yametoka, mboga za mvua zimejaa. Lengalenga haingoji. Restora iliyofungwa hainunui, na mama anayepitisha mboga nyumba kwa nyumba kule Makomeno akizuiliwa kutoka, mboga inanyauka ndani ya kikapu. Hakuna mtu aliyemwibia mkulima. Lakini jasho lake la miezi miwili linakwisha kwa siku tatu.

Faida inatoka wapi?

Mwenye kampani anaweka pesa kwanza: mashini, umeme, mafuta, mishahara. Halafu anauza. Akitoa gharama zake, kinachobaki ni faida. Ugonjwa mkubwa unapiga faida hiyo kwa njia tatu: wafanyakazi wanakosekana, vitu havipiti barabarani, na wanunuzi wanapungua. Hapo hasara inazaliwa. Na hasara haipotei hewani, inatafuta mtu wa kuibeba. Mwenye nguvu anaisukuma kwa mfanyakazi, kwa mnunuzi, ao kwa yule anayemuuzia. Mwishoni inamwangukia mtu asiyeweza kungoja.

Tuangalie migodi. Machi 2020 bei ya shaba kwenye soko la London ilianguka chini ya dola 5.000 kwa tani. Kufunga mgodi na kuuwasha tena ni gharama kubwa, kwa hiyo kampani nyingi zilichagua kuendelea. Baadhi yao zikaweka wafanyakazi ndani ya mgodi kwa wiki nyingi bila kurudi nyumbani. Juni 2020 mashirika ya haki za binadamu yalilalamika kwa barua: wafanyakazi waliona hawana la kuchagua, ni kubaki ndani ao kupoteza kazi. Matokeo? Mwaka ule Kongo ilitoa shaba nyingi kuliko mwaka 2019, na Mei 2021 bei ilipita dola 10.000. Kampani iliyoweza kungoja ilipata. Kibarua wa kila siku aliyeachishwa Aprili hakuona kitu ya bei ile.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1918 mafua makali yaliyozunguka dunia yalifika Katanga, wakati Lubumbashi iliitwa Elisabethville. Kazi ya Union Minière ilifanywa na watu walioandikwa vijijini kwa muda mfupi, na wengi walikufa makambini. Miaka ile kampani iliona kwamba kuandika watu wapya kila mara, na kuwapoteza kwa magonjwa na kwa kukimbia, ni gharama kubwa. Kuelekea mwaka 1928 ikabadilisha desturi: mikataba ya miaka mitatu, nyumba, posho ya bunga, dispansari, na bibi kuruhusiwa kukaa kambini. Haikuwa huruma tu. Mfanyakazi alipokuwa adimu, thamani yake ilipanda.

Franka, dola na bunga

Pigo lingine halikuonekana haraka. Mwanzoni mwa 2020 dola moja ilikuwa karibu franka 1.700. Mwisho wa mwaka ilikaribia 2.000. Tufanye hesabu ya mfano. Mfuko wa mbolea unauzwa dola 40: mwanzo wa mwaka ni franka 68.000, mwishoni ni 80.000. Kama mfuko wako wa mahindi unauzwa franka 20.000 nyakati zote mbili, zamani ulihitaji mifuko mitatu na nusu hivi kununua mbolea. Sasa unahitaji mine kamili. Shamba ni lilelile, jasho ni lilelile, faida imepungua.

Halafu kuna bunga. Lubumbashi inakula bukari kutoka Zambia kwa sehemu kubwa. Zambia ikifunga mauzo, kama ilivyofanya baada ya ukame wa 2019, ao mpaka wa Kasumbalesa ukichelewesha magari, bei inapanda mjini. Mkulima angeweza kufaidika, lakini mara nyingi amekwisha kuuza yote wakati wa mavuno, kwa bei ya chini, kwa sababu ya deni ao masomo ya watoto. Anayepata ni yule mwenye depo.

Tufanye nini?

Kama hasara inamwangukia asiyeweza kungoja, kazi ya koperative ni kuwapa wanamemba uwezo wa kungoja.

Kwanza, depo ya pamoja. Mahindi yaliyokaushwa vizuri na kuwekwa juu ya mbao, mbali na ukuta, yanangoja miezi. Kila mwanamemba aweke sehemu, hata mfuko mmoja ao miwili.

Pili, sanduku la ugonjwa. Wengi wenu mumezoea likelemba. Kiasi kidogo kitengwe kila mwezi, kisiguswe ila kwa ugonjwa ao njia kufungwa, na hesabu isomwe mbele ya wote.

Tatu, mbolea inunuliwe mara tu baada ya mauzo. Franka inayolala inaweza kupungua, mbolea iliyohifadhiwa pakavu inabaki mbolea.

Ine, shamba lisiwe na mboga tupu. Changanya na mihogo: inangoja ardhini, na sombe yake inaliwa siku njia imefungwa.

Tano, vibarua wenu wenyewe. Koperative inayoachisha kibarua bila kitu siku ya shida inamfanyia yaleyale tunayolalamikia. Mupatane mbele: kazi ikisimama, atapata nini?

Kwenye mkutano ujao, muulizane jambo moja tu: njia ikifungwa kesho, koperative yetu inaweza kungoja siku ngapi? Muandike jibu hilo ndani ya kitabu cha koperative, na mwaka ujao muangalie kama siku zimeongezeka.